Nani Alilipa Gharama ya Maridhiano? Somo la Sheria ya Ndoa ya 1971

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi mbili jirani, Kenya na Tanzania, zilikabiliwa na swali moja. Je, taifa lililojitawala liwe na sheria moja ya ndoa kwa raia wake wote, au kila mtu aendelee kuoa, kuolewa na kuachana kwa sheria ya dini yake au ya kabila lake? Jibu la kwanza liliandaliwa Kenya, na tume iliyoundwa mwaka 1967. Tanzania iliichukua kazi ya tume hiyo, ikaifanyia marekebisho yake, na mwaka 1971 ikapitisha Sheria ya Ndoa. Kenya yenyewe, iliyopanda mbegu, haikuvuna hadi mwaka 2014. Miaka 43 inatenganisha sheria mbili zilizotoka katika chungu kimoja.

Kwa nini? Wanafunzi wangu, wanapoulizwa swali hili, hutoa majibu mawili ya haraka. Wapo wanaosema kwamba Watanzania walikuwa na mwamko na Wakenya walikuwa wahafidhina. Wengine husema kwamba Mwalimu Nyerere aliamuru na Bunge la chama kimoja likapiga makofi. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yote yanakwepa kiini cha jambo. Jibu la kwanza linawagawa watu katika wenye maadili na wasio na maadili. La pili linadhani kwamba maadili hayana nafasi katika siasa, na kwamba kila kitu ni nguvu za mkuu wa nchi. Tena linasahau kwamba Kenya nayo, baada ya chama cha KPU kupigwa marufuku mwaka 1969, ilikuwa na chama kimoja tu bungeni.

Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni nyingine. Waliobishana juu ya ndoa katika miaka ile karibu wote walikuwa wakitetea kitu walichokiamini kuwa chema. Tofauti yao ilikuwa katika uzito ambao kila mmoja aliupa wema fulani mbele ya wema mwingine. Sheria iliyofanikiwa ilikuwa ile iliyompa kila upande kitu cha kwenda nacho nyumbani. Lakini maridhiano ya namna hiyo hayapatikani bure. Kuna anayeyalipia, na mara nyingi mlipaji ni yule ambaye hakuitwa kwenye kikao.

Ndoa zilizopangwa kwa ngazi

Hatuwezi kuelewa ukali wa mjadala ule bila kurudi nyuma kidogo, hadi enzi za ukoloni. Mwaka 1917, katika himaya ambayo miaka 3 baadaye ilikuja kuitwa Koloni la Kenya, Jaji Mkuu Hamilton aliamua shauri linalojulikana kwa jina la mshtakiwa wake, Amkeyo. Swali lilionekana dogo: je, mwanamke aliyeolewa kwa mila anaweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe? Sheria ya Kiingereza ilimlinda mke asilazimishwe. Jaji aliona kwamba ulinzi huo haumfikii mwanamke wa Kiafrika, kwa sababu muungano wa kimila wenye mahari na wenye kuruhusu wake wengi haukustahili, kwa maoni yake, kuitwa ndoa. Aliuona kuwa ni ununuzi wa mke.

Uamuzi huo uliacha kovu. Tangu hapo, kumtetea mzee aliyepokea mahari kulikuja kumaanisha pia kuutetea utu wa Mwafrika mbele ya dharau ya mtawala. Mbunge wa miaka ya 1970 aliyesimama kulaani muswada wa ndoa kwa sababu eti ni wa kizungu huenda alikuwa anajilinda yeye na madaraka yake nyumbani. Lakini huenda pia alikuwa na kumbukumbu ya kweli ya jinsi mahakama za wageni zilivyowaambia wazazi wake kwamba hawakuwa wameoana. Mambo hayo mawili yanaweza kuishi katika kifua kimoja, na mchambuzi anayeliona moja tu amesoma nusu ya ukurasa.

Tanganyika nayo ilirithi ngazi hizo hizo. Kulikuwa na ndoa za sheria ya serikali, ndoa za Kiislamu, ndoa za Kihindu, na ndoa za mila zilizotofautiana kutoka kabila hadi kabila. Mwaka 1963 serikali ya uhuru ilijaribu kuziweka pamoja mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, kwa tangazo lililoandika kanuni za mahari, ulezi wa watoto na urithi. Ilikuwa hatua ya kujenga taifa, lakini iliyaandika mamlaka ya ukoo wa mume kwa wino wa serikali. Jambo lililokuwa likijadiliwa na wazee chini ya mti, na pengine kulegezwa kulingana na hali, sasa lilikuwa na namba ya aya.

Wema wanne uliogongana

Mwaka 1969 Serikali ya Tanzania ilitoa Waraka Na. 1, wenye mapendekezo yake juu ya sheria moja ya ndoa kwa Tanzania Bara, na kuwataka wananchi wayajadili. Mjadala ulikuwa mkubwa. Ukiyapanga maoni yaliyokuwapo katika mafungu, utaona maadili manne yakisukumana.

La kwanza ni usawa wa binadamu. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetangaza usawa kuwa msingi wa taifa, na katika maandishi yake ya mwaka huo huo juu ya ujamaa vijijini, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba jamii ya jadi aliyoisifu kwa udugu wake ilikuwa na dosari moja kubwa: wanawake walibebeshwa kazi kuliko haki yao. Kwa aliyeamini hivyo, mke aliyepigwa au mjane aliyerithiwa kama ng'ombe wa marehemu alikuwa ni doa katika ujamaa wenyewe.

La pili ni wajibu kwa ukoo. Kwa jamii nyingi, ndoa ilikuwa ni agano la nyumba mbili. Mahari yalikuwa ushahidi wa agano hilo, na kumrithi mjane kulieleweka, angalau kwa waliolitetea, kuwa ni njia ya kuhakikisha kwamba mama na watoto hawaachwi bila mlezi. Mtu wa mtazamo huu alipoisikia serikali ikisema kwamba ndoa ni hiari ya watu wawili, alijiuliza: wakigombana, ni nani atakayewapatanisha? Mume akifa, ni nani atakayewalea wana? Kwake yeye uhuru uliokuwa ukisifiwa ulifanana sana na upweke.

La tatu ni utii kwa amri ya Mungu. Hapa palikuwa na pande mbili zilizopingana zenyewe kwa zenyewe. Kwa Waislamu wengi, ndoa na talaka zilikuwa zimekwisha kuwekewa utaratibu na sharia, na serikali haikuwa na ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Kwa Wakristo wengi, ndoa ilikuwa ya mume mmoja na mke mmoja hadi kifo, na sheria ya taifa inayotambua wake wengi ilionekana kuubariki upotovu. Ikumbukwe pia kwamba Desemba 1968 chama cha Waislamu kilichoitwa East African Muslim Welfare Society kilipigwa marufuku, na BAKWATA ikaanzishwa. Muumini wa Kiislamu aliyekuwa na wasiwasi juu ya mkono wa serikali katika dini alikuwa na sababu ya karibu kabisa ya kuwa na wasiwasi huo.

La nne ni umoja wa taifa. Watumishi wa umma na viongozi wa TANU waliliweka mbele hili. Kwao, kuwa na sheria nyingi za ndoa kulimaanisha kuwa na raia wa aina nyingi. Mtoto wa ndoa ya mila na mtoto wa ndoa ya kanisani wangebakije sawa mbele ya taifa ikiwa ndoa za wazazi wao zilikuwa na hadhi tofauti?

Mwanasaikolojia Mmarekani Jonathan Haidt, katika kitabu alichokitoa mwaka 2012 kuhusu maadili, dini na siasa, anadai kwamba wanaopingana katika siasa mara nyingi wote wanaongozwa na maadili. Wapo wanaotanguliza huruma na haki, na wapo wanaozipa uzito pia heshima kwa mamlaka, uaminifu kwa kundi na utakatifu. Anasema pia kwamba hisia hutangulia, kisha hoja zikafuata nyuma kama wakili anayemtafutia mteja wake utetezi. Mjadala wetu wa ndoa unampa ushahidi mzuri. Lakini unamwongezea jambo. Uzito ambao mtu anaupa wema fulani hautoki moyoni mwake tu. Unatokana pia na mahali anapokaa katika nyumba. Ni rahisi kuutukuza wajibu kwa ukoo ukiwa wewe ndiye unayepokea mahari, na ni vigumu zaidi ukiwa wewe ndiye unayetolewa mahari.

Jinsi sheria ilivyogawa

Sheria ya Ndoa ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Ukiisoma kwa jicho la mwanahistoria, utaiona kama mkataba wa amani kati ya maadili hayo manne.

Waliosimamia usawa walipata mengi. Ndoa ilitamkwa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Mke alipewa haki sawa na ya mwanamume ya kumiliki mali, kuingia mikataba na kushtaki. Kifungu cha 66 kilisema kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kifungu cha 68 kilimwacha mjane huru kuishi apendapo, kukaa bila mume, au kuolewa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kifungu cha 114 kiliiruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili.

Waliosimamia dini walipata yao. Ndoa inaweza kufungwa kidini, kimila au kiserikali, na zote zina hadhi moja mbele ya sheria. Ndoa ya Kiislamu au ya kimila huchukuliwa kuwa inaruhusu wake wengi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyinginezo huchukuliwa kuwa za mke mmoja. Ndoa ya Kikristo haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wanandoa wote wawili wamebaki Wakristo. Talaka ya Kiislamu haikufutwa, ila iliwekewa njia ya kupita: kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama.

Wazee wa ukoo nao hawakuondoka mikono mitupu. Mahari hayakupigwa marufuku; ilisemwa tu kwamba kutolipwa kwake hakuibatilishi ndoa. Mabaraza ya usuluhishi yalilinda wazo la kale kwamba ndoa inayoyumba ni jambo la watu wengi. Urithi uliachwa ulivyokuwa, chini ya kanuni zile za 1963 na sheria za dini, na mjane aliyepewa uhuru wa kuishi apendapo mara nyingi hakupewa nyumba ya kuishi.

Tazama jinsi swali gumu la mke wa pili lilivyoshughulikiwa. Mke wa kwanza alipewa haki ya kuweka pingamizi, na sababu za pingamizi zikawekewa mipaka: kwamba kipato cha mume hakitatosha bila kumletea dhiki yeye na watoto wake, au kwamba anayekuja ana sifa mbaya inayojulikana au ugonjwa wa kuambukiza. Mwanamume aliihifadhi ruhusa yake. Mwanamke alipata sauti, na sauti hiyo ikapimwa kwa kijiko.

Kisha kuna kifungu cha 13. Mwanamume asioe kabla ya kufikisha miaka 18. Mwanamke aolewe akiwa na miaka 15, na mahakama inaweza, kwa sababu maalumu, kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba, au ya mama au mlezi pale baba asipokuwapo. Sheria iliyotangaza kwamba ndoa ni hiari ya watu wawili ilikubali papo hapo kwamba mmoja wa wawili hao awe mtu asiyeweza kuamua bila mzazi wake.

Kenya: gharama ya kutokukubaliana

Turudi upande wa pili wa mpaka. Ripoti ya tume ya Kenya ilitoka mwaka 1968. Muswada ulipelekwa bungeni mwaka 1976 ukakwama, ukarudishwa mwaka 1979 ukakwama tena. Baadhi ya wabunge walisema waziwazi kwamba kumpiga mke ni sehemu ya kumfunza adabu, na kwamba sheria inayomzuia mume ni ya kigeni. Kovu la Amkeyo lilikuwa limegeuzwa kuwa ngao.

Pale Bunge linapokataa kupatanisha maadili, mgongano hautoweki. Huhamia mahakamani, kesi kwa kesi, familia kwa familia. Desemba 1986 wakili maarufu wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki dunia. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu na mpiganaji wa zamani wa harakati za Mau Mau, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, katika ardhi ya baba zake. Swali lilikuwa la kaburi, lakini chini yake lilikuwa swali la ndoa: familia ya mtu ni mke na watoto wake, au ni ukoo wake? Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na mazishi yakafanyika Mei 1987, miezi 5 baada ya kifo. Taifa zima lilikuwa limegawanyika, na kila upande ulizungumza lugha ya maadili.

Kenya ilipopata Katiba mpya mwaka 2010, usawa wa wanandoa uliandikwa ndani yake. Sheria ya Ndoa ilifuata mwaka 2014, ikizitambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na ikaweka umri wa miaka 18 kwa wote. Aliyefika mwisho alimpita aliyetangulia katika jambo hili moja muhimu. Lakini hata hapo bei ililipwa. Wakati muswada ukijadiliwa, wabunge wanaume waliondoa kipengele kilichompa mke aliyeko nyumbani sauti kabla mumewe hajaoa mwingine, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Mwaka 1971 Tanzania ilimpa mke sauti ndogo na kumwacha msichana nje. Mwaka 2014 Kenya ilimlinda msichana na kuifuta sauti ya mke. Wanawake wa Kenya walikuwamo katika kikao, ila hawakuwa na idadi ya kushinda.

Deni lililofika mahakamani

Huku Tanzania, maandishi ya 1971 yalianza kufasiriwa na majaji. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika: wapo waliosema kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke na hauhesabiwi kuwa mchango katika mali ya ndoa, na wapo waliosema unahesabiwa. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake waliona unahesabiwa. Hapo neno moja la sheria, "juhudi", liliongezewa maana kwa nguvu ya thamani ya kimaadili. Bi Hawa mwenyewe, hata hivyo, hakupata alichokidai, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe kwa shughuli ya familia alizitumia vibaya. Wanawake waliomfuata wanakula matunda ya mti ambao yeye hakuuonja.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana na mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, aliufungua ukurasa wa kifungu cha 13. Alidai kwamba kuweka umri wa miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilikubaliana naye, ikatamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ilikata rufani. Katika utetezi wake iliegemea, pamoja na mambo mengine, hoja kwamba vifungu hivyo vilizingatia mila, desturi na imani za dini za Watanzania. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali rufani hiyo. Ukomo wa mwaka mmoja ulikuwa umekwisha kupita zamani, na hata miaka kadhaa baada ya hukumu ya rufani maneno ya kifungu yalikuwa bado hayajabadilishwa.

Hoja hiyo ya Serikali inafaa kutafakariwa kwa utulivu. Kihistoria ilikuwa ya kweli: kifungu cha 13 kilikuwa sehemu ya mapatano ya 1971. Bila shaka wapo waliokubali kifungu cha 66 na cha 68 kwa kuwa walipewa kifungu cha 13. Lakini ukweli wa kihistoria juu ya jinsi mapatano yalivyofikiwa hauthibitishi kwamba mapatano yale ni ya haki. Waumini walikuwa na masheikh na maaskofu wa kuwasemea. Koo zilikuwa na wazee. Wanawake walikuwa na UWT, jumuiya yao ndani ya chama. Taifa lilikuwa na TANU. Msichana wa miaka 15 hakuwa na mwakilishi, kwa kuwa hata sheria yenyewe ilimhesabu kuwa mtoto pale ambapo ridhaa ilitakiwa, na kuwa mtu mzima pale ambapo ndoa ilitakiwa. Huu haukuwa mjadala wa watu wachache: utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015–16 ulionyesha kwamba takriban asilimia 31 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa au kuishi na mwenza kabla ya kufikisha miaka 18.

Tunachojifunza

Kwa wanafunzi, somo ni la mbinu. Mnapochambua mgogoro wa kisiasa, msianze kwa kuuliza nani mwema na nani mwovu. Ulizeni kila upande unatetea wema gani, wema huo umetokana na historia ipi, na anayeutetea amekaa wapi katika nyumba. Maswali hayo matatu yatawaonyesha kwa nini mzee mmoja anaweza kuupinga ukoloni na kutetea kipigo katika hotuba ile ile bila kujiona anajipinga.

Kwa wanaharakati, somo ni la lugha. Sheria ya 1971 haikupita kwa kuziambia mila kwamba ni ujinga. Ilipita kwa sehemu kubwa kwa sababu usawa ulielezwa kama kuukamilisha udugu ambao wazee wenyewe walijivunia. Anayemwambia mzazi kwamba yeye ni adui wa binti yake amekwisha kumpoteza. Anayemwonyesha kwamba wajibu wa ukoo wa kumlinda mtoto ndio huo huo unaotaka binti asome kwanza, amesimama ndani ya uwanja wa mzazi huyo na anaweza kusikilizwa. Wapo watakaokataa hata hivyo, na hapo ndipo kazi ya mahakama inapoanza.

Kwa watumishi wa umma, wale wanaoandaa nyaraka na miswada, somo ni la kuhesabu. Kila rasimu inayokuja mezani ikisifiwa kwamba imezingatia maoni ya wadau wote inapaswa kuulizwa maswali mawili ya ziada. Ni nani asiyehesabiwa kuwa mdau ingawa maisha yake ndiyo yanayogawanywa? Na maridhiano haya yakidumu miaka 50, ni nani atakayekuwa anayalipia kila siku? Mapatano kati ya maadili yanayogongana ni jambo jema. Bila hayo hatungekuwa na taifa lenye misikiti, makanisa na matambiko ndani ya mtaa mmoja kwa amani. Lakini mapatano yanahitaji tarehe ya kuangaliwa upya, kwa maana aliyekosekana kikaoni hana njia nyingine ya kuyafikia.

Sheria ya Ndoa ilipoanza kutumika, msichana aliyezaliwa mwaka 1956 alikuwa amefikia umri wa kuozwa. Mahakama Kuu iliposema kwamba kifungu kile kinapingana na Katiba, alikuwa na miaka 60. Rufani ya Serikali ilipotupwa alikuwa na miaka 63, na yumkini alikuwa na mjukuu wa kike aliyefikisha miaka 15, ambaye bado angeweza kuozwa chini ya maneno yale yale yaliyoandikwa bibi yake alipokuwa binti.